Maswali yenu: rangi ya ngozi iligeukaje sheria?

Wazungu walimdharau Mwafrika kwanza, ndipo wakamfanya mtumwa?

Dharau ilikuwepo, lakini faida ndiyo iliyoipa meno. Chukua Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika. Tumbaku yake ililimwa kwanza na Waingereza maskini waliofungwa kwa mikataba ya miaka kadhaa. Waafrika walifikishwa 1619. Mwaka 1640 vibarua watatu walitoroka pamoja, wakakamatwa Maryland, koloni jirani. Kila mmoja alihukumiwa viboko 30. Mholanzi na Mskoti wakaongezewa miaka 4 ya kazi. Wa tatu, Mwafrika John Punch, akaambiwa amtumikie bwana wake hadi kufa.

Maskini wa Kizungu walinufaikaje?

Hapa ndipo penye utamu, au uchungu. Mwaka 1676 tajiri Nathaniel Bacon alimwasi gavana. (Msimfanye shujaa, alichotaka hasa ni kuwapiga Wahindi Wekundu.) Nyuma yake walisimama vibarua weupe na watumwa weusi, bega kwa bega, na mji mkuu Jamestown ukateketezwa. Wenye mashamba waliingiwa na hofu. Baada ya hapo Waafrika walizidi kununuliwa, na sheria zikazidi kuwatenga na maskini wenzao.

Isomeni sheria ya Virginia ya 1705. Kibarua mweupe Mkristo asivuliwe nguo na kuchapwa bila amri ya hakimu. Akimaliza mkataba, mwanamume apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Mtumwa akifa akiadhibiwa, bwana hana kosa. Farasi, ng'ombe na nguruwe wa watumwa wakamatwe, wauzwe na wazee wa kanisa, fedha wapewe maskini wa parokia. Yaani umaskini wa mmoja ulitibiwa kwa nguruwe wa mwenzake, na tajiri hakutoa hata senti.

Ubatizo haukuwakomboa?

Hapana. Sheria ya Virginia ya 1667 ilisema wazi kwamba ubatizo haubadili hali ya mtumwa. Ile ya 1662 ilikuwa imeshaamua kuwa mtoto hufuata hali ya mama, kinyume cha desturi ya Waingereza ya kufuata baba. Bwana aliyemtia mimba mtumwa wake alijiongezea mali.

Utumwa ulipofutwa, nani alilipwa fidia?

Kwa sheria ya 1833 ya kufuta utumwa katika makoloni mengi iliyobaki nayo (Virginia ilikuwa imeshajitenga), Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa waliomiliki watumwa. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa 2015. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale bila ujira hadi 1838.