Usimtoe huyo mungu mke ziwani!

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema unaandika riwaya ya dunia ya kubuni, una mungu mke mdogo anayekaa kwenye ziwa uliloliiga kutoka Ngosi, lile ziwa la kreta ya volkano kule Mbeya, na sura ya sita anatoka ziwani kwenda kuteketeza jeshi la mfalme wa nchi kame. Halafu unauliza jina, mavazi, idadi ya sura na bei ya kuuzia kwenye magrupu ya WhatsApp. Achana na mavazi. Sura kama hiyo ya sita ndiyo iliyonimaliza mimi.

Wangu, kwenye hadithi niliyokuwa nauza sehemu kwa sehemu kwenye grupu, alikuwa mungu wa ukungu, kwenye milima niliyoiiga kutoka Uporoto, huko huko Mbeya. Binti analima viazi, Juni imeingia, ile barafu ya alfajiri inayobabua majani mpaka yanakuwa meusi inanyemelea. Mtu wa Isyonje, kijiji cha huko mlimani, hahitaji kuambiwa: barafu hushuka usiku wa anga jeupe lenye nyota, ukungu ukitanda, shamba linapona. Basi binti anamwomba, na ukungu unatanda. Lakini ukungu ukikaa siku nyingi majani hayakauki, ugonjwa wa baka unaingia, viazi vinaoza. Yaani akikusaidia sana amekuangamiza! Hadithi nzima ilikuwa pale na nikaipita kama kituo cha daladala.

Nani alinipoteza? Yule bwana wa semina ya uandishi, aliyechukua hela zetu, akatulisha maandazi ya juzi, akatutangazia kwamba msomaji wa leo anataka nguvu. Ongeza nguvu! Mungu asiyepiga radi nani atamlipia? Nasi watu wazima tukaandika kwenye daftari. Kitabu chake mwenyewe sijawahi kukiona, labda nguvu zilikizidi.

Nikaongeza. Mungu wangu akashuka mlimani, akafika kwenye mbuga kama za Usangu, akamaliza ukame asubuhi moja, akalipofusha jeshi, akarudi kulala. Kwenye grupu makofi tele. Kisha dada mmoja akauliza: kama anaweza yote hayo, mbona sehemu ya pili alimwacha mama wa binti afe njaa? Nikajibu alikuwa amelala. Sehemu iliyofuata nikasema alikuwa amekasirika. Iliyofuata sikumbuki, nadhani alisafiri. Watu wakajitoa kimya kimya, wachache wakadai hela yao. Walikuwa na haki, ila nilishaila.

Kwa hiyo shika hili moja: mungu mdogo habanduki kwake. Asiseme hataki, hawezi. Na mpaka usihangaike kuubuni, umeshachorwa. Mgongo wa Uporoto unagawa maji: ya kaskazini yanateremka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, Rufiji, hadi baharini, ya kusini yanaishia Ziwa Nyasa. Mungu wa kijito cha upande mmoja akivuka mgongo ule ni mgeni kama mimi na wewe, aombe maji ya kunywa. Wako ndiyo kabisa: Ngosi ni maji yaliyotulia ndani ya kreta, kuta zimesimama kuzunguka, hakuna mto unaoonekana ukitoka. Atapitia wapi?

Jina weka lolote, ila usiguse Kyala wala Lwembe, majina matakatifu ya Wanyakyusa. Hao wana wenyewe, na mabibi wa Rungwe wako WhatsApp kuliko unavyodhani.

Sasa fungua hiyo sura, mrudishe ziwani leo hii. Mfalme ndiye apande na jeshi lake, kwa kuwa nchi yake imekauka na maji yako huku. Wapite msituni wakati wa masika, miteremko imelowa, kila askari ana mzigo, na ukingoni hawaoni pa kukanyaga. Hapo mungu wako hahitaji moto. Ukimaliza itupie hapa niisome kabla hujawatumia watu wa kulipia.