Maswali ya Wasomaji: Je, Vipandauso Vyetu ni Maradhi Mamoja?

SWALI

Assalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, mkaazi wa Langoni, Lamu. Mama yangu tangu ujana wake huumwa na upande mmoja wa kichwa, hutapika, na hutaka chumba chenye giza. Mimi, kabla ya kichwa kuanza, huona vimeta vyenye pembepembe vikitanda mbele ya macho kwa kiasi cha nusu saa, na mara nyingine vidole hufa ganzi. Bibi yangu siku hizi huona vimeta kama vyangu lakini kichwa hakimuumi. Mwanangu wa miaka 7 hushikwa na tumbo kwa saa nyingi, akapauka uso, kisha akapona kabisa. Alipimwa na hakuonekana na kitu. Je, haya ni maradhi manne au ni mamoja? Mimi hutumia vidonge vya kupanga uzazi, na dawa za maumivu karibu kila siku.

JIBU

Waaleikum salaam, dada yetu. Kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea sana kwamba nyote mna maradhi mamoja, nayo ni kipandauso, ambacho hurithiwa katika jamaa na humtokea kila mtu kwa sura yake. Jumuiya ya Kimataifa ya Maumivu ya Kichwa, ambayo toleo la tatu la uainishaji wake lilikamilika mwaka 2018, hukigawa katika aina kadhaa. Lakini majina hayo huelezea zaidi mashambulizi yalivyo kuliko watu wenyewe, na ndiyo maana mtu mmoja aweza kupata aina mbili katika mwezi mmoja.

Aina ya mama yako, isiyo na dalili za utangulizi, ndiyo iliyoenea kuliko zote, na shambulio lake lisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na 72. Yako ni ile yenye utangulizi, ambao matabibu huuita aura. Mwaka 1944 mtafiti wa Kibrazili, Aristides Leão, alieleza jambo aliloliona katika ubongo wa sungura: seli husisimka kwa nguvu kisha hunyamaza, na hali hiyo husambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 2 hadi 5 kwa dakika, kama maji ya bamvua yanavyotambaa polepole kwenye mchanga. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba hiyo ndiyo asili ya aura, na ndiyo sababu vimeta vyako hupanuka kidogo kidogo badala ya kutokea kwa ghafla. Maumivu yenyewe huja kwa njia ileile kwako na kwa mama yako: neva kubwa ya uso, iitwayo trijemina, huamshwa na kutoa kemikali ya CGRP kuzunguka mishipa ya damu ya utando wa ubongo. Hata vichocheo mwavishiriki: kukosa usingizi, njaa ya saumu, kukatiza kahawa uliyoizoea, harufu kali ya udi, na jua la mchana linalomeremeta juu ya maji.

Bibi yako huenda amebakiwa na utangulizi peke yake, jambo linalojulikana kwa watu wazima. Hata hivyo nasisitiza kwamba apimwe, kwa sababu katika umri wake dalili za kiharusi kidogo zaweza kufanana na hizo. Ikitokea siku moja uoni ukapotea kwa ghafla, uso ukapinda au mkono ukalegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Ipo pia aina adimu ya kipandauso inayolegeza upande mmoja wa mwili kwa muda, lakini hiyo ni ya daktari kuithibitisha, si ya kukisiwa nyumbani.

Kuhusu mtoto, kipandauso cha tumbo kipo, na wengi wanaokipata utotoni huja kuumwa na kichwa wakiwa wakubwa. Maumivu huwa katikati, karibu na kitovu, pamoja na kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula, na baina ya mashambulizi mtoto huwa mzima. Jina hilo hutolewa baada ya maradhi mengine ya tumbo kuondolewa, kwa hiyo mrudishe kwa daktari ukiwa na habari hii ya jamaa yenu; huenda hakuna aliyeiuliza.

Sasa nirejee kwako, maana hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Anayeumwa na kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, siku 8 kati ya hizo zikiwa na sifa za kipandauso, huhesabiwa kuwa na kipandauso sugu. Hicho ni kilekile cha awali kilichokithiri, na mara nyingi kinachokikuza ni dawa zenyewe: parasetamoli au ibuprofeni kwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za mchanganyiko, yaani kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja, kwa siku 10. Andika katika daftari kila siku unayoumwa na kila kidonge unachomeza, kisha mwombe daktari dawa ya kinga, mfano propranololi, ambayo haiwafai wenye pumu, au amitriptilini.

Vidonge vya uzazi ndivyo vinavyofanya tofauti baina ya aina yako na ya mama yako iwe na uzito. Kipandauso chenye aura huongeza hatari ya kiharusi, na vidonge vyenye homoni ya estrojeni huiongeza tena. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwenye aura asivitumie, awe na umri wowote. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii ukiwa na pakiti yako, umweleze muuguzi habari ya vimeta hata kama hakukuuliza, naye atatazama kama vina estrojeni. Vikiwa nayo, koili ya shaba haina homoni kabisa, na zipo njia nyingine zisizo na estrojeni ambazo atazipima pamoja nawe, ili usiache kinga moja kabla ya kupata nyingine.