Mkuu wa ugoko unaouma, hiyo diklofenaki irudishe kwenye droo kwanza

Mkuu nimesoma uzi wako nikaacha chakula. Miaka 47, umejiandikisha kilomita 42 nzima za Kilimanjaro Marathon pale Moshi mwezi wa pili, ugoko wa kushoto unauma kila ukikimbia, na mwalimu wa klabu yenu kakwambia huo ni mwili unazoea, meza diklofenaki moja, kile kidonge cha kutuliza maumivu, kabla ya kutoka utakuwa freshi. Alafu chini kabisa unauliza raba gani nzuri, usiku wa kuamkia mbio ule nini, na hoteli gani Moshi ipo karibu na uwanja. Aisee. Una mguu unaotaka kukatika umekuja kutuuliza habari za tambi. Raba achana nazo kwanza, we kesho usikimbie. Keshokutwa pia usikimbie.

Waliotangulia hapo juu wamekupa "kila la heri mkuu, utaweza", mimi sina hiyo. Hicho kitu unachofanya nilishakifanya chote kwa mpangilio huo huo, mpaka dawa ni hiyo hiyo, na kilichonipata ndo maana naandika saa hizi badala ya kulala.

Najua ilivyoanza. Daktari kapima presha kakunja uso, kasema punguza kitambi, ukaanza joging za kwenda na kurudi, ukaona mbona naweza, jamaa wa ofisini akakuvuta kwenye klabu ya Jumamosi. Na tangu Simbu wetu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo 2025 ndo kabisa, kila mwanaume aliyepita arobaini mwenye raba na bukta anaona kuna kitu taifa linamdai. Lakini hiyo mbio mliiangalia vizuri? Simbu na yule Mjerumani, Petros, wote walipewa saa 2:09:48, ikabidi picha ya utepe iamue. Yani jamaa kakimbia kilomita 42 akaenda kuitoa ile dozi yote kwenye hatua za mwisho uwanjani. Sisi dozi yote tunaitoa Jumamosi asubuhi Coco Beach hapa Dar, mbele ya wadada.

Klabu yetu ilikuwa na vijana wa miaka 25, wale wa tumbo flati, na mwalimu mwenye filimbi shingoni na saa mkononi. Mwalimu wa nini sijui, alikuwa anafundisha jim akaona huku kuna ada. Sheria yake ilikuwa moja, wa mwisho kufika anapiga pushapu wenzake wakimhesabia. Sasa mtu mzima una watoto sekondari, una watu chini yako kazini, ukapige pushapu kwenye mchanga unahesabiwa na dogo anayekuita "mzee"? Unakimbia. Unakimbia mpaka macho yanaona nyota. Kutoka Coco kwenda Daraja la Tanzanite na kurudi ilikuwa ni vita, na siku za katikati ya wiki nilikuwa nakimbia peke yangu kwa kasi ile ile ili Jumamosi nisiaibike. Hakukuwa na siku ya polepole hata moja. Polepole ilikuwa matusi pale.

Na kinachokudanganya ni kwamba mwanzoni inafanya kazi. Pumzi inakuja haraka sana, baada ya wiki chache unapanda ngazi za ofisi huhemi, mkanda unaanza kulegea, unajiona umepona uzee. Moyo na mapafu vinajibu upesi hata kwenye umri wetu. Mfupa hauna haraka hiyo, na kano pia. Daktari wa mifupa alikuja kunieleza nikiwa tayari nimeshaumia (wao huwa wanaeleza vizuri ukishaumia): ukianza kuupiga mfupa kwa mzigo mpya, mwili unakula kwanza mfupa wa zamani ndo uweke mpya, kwaiyo kuna kipindi mfupa unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa unakaa tu kwenye kochi. Ni sawa na fundi kabomoa ukuta wa chini hajajenga mwingine, na wewe juu unaendelea kupandisha mifuko ya simenti. Ukimpa siku anajenga. Ukimpiga kila siku ufa unaanza. Na ukiwa na miaka 47 fundi mwenyewe anachelewa kufika saiti.

Ugoko wangu ulianza hivo hivo kama wako. Mwanzo unauma ukimaliza kukimbia, kesho yake umeacha. Alafu unauma ukianza, ukipata joto unaacha, unasema ahaa ni misuli. Alafu unauma mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia mwalimu, akaniambia kile kile wako alichokwambia, na kuna mwenzetu kwenye grupu alikuwa na diklofenaki kwenye begi anagawa kama pipi za harusini. Nikameza. Mkuu ile dawa inafanya kazi, hapo ndo ubaya wake ulipo. Nilikimbia siku ile kama nina miaka 20. Maumivu ndo kengele pekee uliyonayo na wewe umeikata waya ukafurahi hamna kelele. Bado sijasema habari ya tumbo na figo, kumeza kitu kile alafu unaenda kutoka jasho juani masaa mawili matatu bila maji ya kutosha ni kuzitafuta figo zako kwa tochi.

Nikaja kushtuka nilipoanza kuusikia usiku nimelala. Nikaenda hospitali moja hapa mjini, wakapiga eksirei, picha safi, hamna kitu. Daktari wa zamu kaangalia nusu dakika kasema pumzika siku tatu na kanipa, kisia nini, diklofenaki. Mimi kwa furaha nikapiga picha ile eksirei nikatuma kwenye grupu. Mwalimu akajibu, nakumbuka mpaka leo, "unaona? Mfupa mzima, tatizo kichwa." Alafu akamleta Akhwari. Wanampendaga sana Akhwari hawa watu. Akasema John Stephen Akhwari alimaliza Mexico 1968 goti limefungwa bandeji, wewe ugoko tu unalia.

Ngoja nitoe hili la moyoni. Akhwari alikuwa na miaka 30, mwanariadha wa taifa, kaanguka katikati ya mbio ya Olimpiki, kavaa rangi za nchi. Alikuwa na sababu. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya Jumanne jioni Mlimani, navaa fulana ya benki, nagombea medali ambayo hata anayetembea anapewa. Mtu yeyote anayekuletea jina la Akhwari ili ukimbie na mguu mbovu ujue hakuna anachokijua na anajaribu kukufunga mdomo. Na huyo mwalimu alipiga makofi mengi kwa mbio za watu wengine, yeye mwenyewe sijawahi kumuona akimaliza hata kilomita 21, ana goti, anasemaga.

Sikujua, na daktari wa zamu hakuniambia, kwamba ufa wa aina hii mwanzoni mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Wiki mbili tatu za kwanza picha inaweza kuwa safi kabisa huku ndani kumepasuka, mpaka mfupa uanze kujiziba ndo unaona kivuli. Kinachoonyesha mapema ni MRI, kile kipimo cha mashine ya sumaku. Mimi picha safi niliichukua kama cheti. Nikarudi kukimbia na kidonge changu, tena mteremko, pale Chuo Kikuu kushuka, na mteremko ndo unaupiga ugoko kuliko kupanda. Nikasikia ta. Sikuanguka wala nini, mguu uligoma tu, nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kando ya barabara kama korongo nawapungia bodaboda na wote wanadhani nawasalimia.

MRI ni laki kadhaa, bima ikazungusha kibali mpaka nikatoa mfukoni. Ufa umepita karibu nusu ya mfupa. Buti la plastiki, magongo, kazini nachukuliwa na lifti kama mgonjwa wa moyo, mama watoto akipita ananiangalia hasemi kitu, na huyo hasemagi kitu akiwa na mengi. Moshi sikwenda. Kitambi kikarudi chote na marafiki zake. Mwalimu hakupiga simu hata ya pole, alinitoa kwenye grupu kwa sababu ada ya mwezi haijaingia. Namtakia maisha marefu na pushapu nyingi.

Sasa nisikilize, kanuni ninayo moja tu na nimeinunua ghali: kama huwezi kuimba mchakamchaka, punguza. Basi. Unakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, asubuhi umande haujakauka, mmoja anaanzisha wengine mnaitikia, shule nzima inakimbia na inaimba? Ile kasi. Ukiwa unakimbia peke yako imba kwa sauti sentensi nzima, ikikatika katikati umezidisha, shuka, ikibidi tembea mpaka pumzi irudi. Usiangalie saa, usiangalie ile programu ya simu inayokuwekea wenzako wamekimbia ngapi, ifute kabisa. Hata ile hesabu ya 220 toa umri kupata mapigo ya moyo ni ya kukadiria tu, watu wa rika moja wanapishana sana. Kuimba hakukosei.

Utaona aibu. Mimi nilivyorudi nilipitwa na mama kabeba ndoo ya samaki kichwani, anatembea, na akanipa pole. Vumilia. Kipchoge aliyekimbia Berlin 2022 kwa 2:01:09, hiyo ni kama dakika 2 na sekunde 52 kila kilomita, siku zake za mazoezi mepesi kule Kaptagat kundi zima linaanza kwa kujikokota, video zipo kibao katazame. Yupo na mtafiti mmoja Mmarekani anayefundisha Norway, Stephen Seiler, alifuatilia mazoezi ya wanariadha wakubwa wa michezo ya pumzi akakuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi kabisa. Yani wale wa kulipwa wanakimbia polepole siku nyingi, na wewe karani mwenye presha unakimbia kila siku unakufa. Kasi ipo siku yake, moja kwa wiki inatosha, na kwako wewe kwa sasa haipo kabisa mpaka huo mguu ujulikane una nini.

Jaribu hivi leo ukivua soksi. Pitisha kidole gumba kwenye mfupa wa ugoko kwa ndani, kutoka chini ya goti kushuka, bonyeza taratibu. Kama maumivu yametapakaa eneo refu kama kiganja, mara nyingi ni ile ya misuli na utando, inapumzishwa inaisha. Kama kuna sehemu moja, ya ukubwa wa sarafu, ukibonyeza unaruka na unamtukana mtu ambaye hayupo, acha hapo hapo. Usijipime kwa kurukaruka na mguu mmoja kama ulivyoshauriwa na huyo mchangiaji wa tatu, utakuja kumalizia kazi. Nenda kwa daktari wa mifupa, mwambie wazi kwamba unajiandaa na marathoni na kwamba umekuwa unameza dawa, na akikwambia eksirei safi muulize kuhusu MRI, usiondoke na bahasha unashangilia kama mimi.

Kuhusu 42 ya Moshi, sahau mwaka huu. Ile njia nusu ya kwanza inakudanganya, ni barabara ya kwenda Dar huko, tambarare, unajiona mfalme, alafu mnarudi mjini mnaanza kupanda kuelekea Mweka wakati miguu ishachoka, na ukishafika juu kuna kushuka kote kule. Kushuka, na huo ugoko. Hata 21 inapanda huko huko Mweka kwaiyo usijidanganye kwamba ni nafuu. Kuna ya kilomita 5, watu wanaenda na watoto wao, wanapiga picha mlima ukijifunua asubuhi, na daktari akikuruhusu utaimaliza unaimba. Mwakani ukiwa umejenga polepole tuongee habari ya 21. Mimi mwenyewe niliporudi niliingia 21, nimemaliza wa nyuma huko na wazee wenzangu tunapiga stori njia nzima, mmoja katuelezea kesi ya shamba lake la Rombo kuanzia mwanzo mpaka hukumu, na mguu haukuuma.

Mwalimu wako akikuuliza mbona huonekani mwambie unapumzika kwa amri ya daktari, akikuletea Akhwari mwambie akulipie MRI.

Chakula kula unachokula siku zote, usijaribu kitu kipya. Hoteli sijui, mimi nikienda Moshi nafikia kwa shemeji Pasua.