Ukianza kusoma lishe, pima kwanza bugali ya kwenu

Tangu nimalize mwaka wa kwanza wa lishe (sisi wanafunzi tunasemaka tu nutrisyo) watu wananiandikiaka, wengi ni bamama kama mimi, walisoma zamani, wako na watoto, sasa wanataka kurudi shuleni lakini wanaogopa. Wananiuliza kama ni nguvu, kama kuna kemia mingi, kama mtu mwenye alisoma pedagojia anaweza kufaulu. Nitajibu hapa mara moja, vile niliona mimi mwenyewe hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na nitaanza na kosa yangu moja juu ndani ya ile kosa njo nilijifunza karibu yote yenye nitawaambia.

Mwezi wa pili wa masomo, asista (msaidizi wa prof) alitupa kazi: kila mtu aende nyumbani, achague mtu mmoja, apime kila kitu yenye anakula siku nzima, ahesabu kilokalori (kipimo cha nguvu yenye chakula inapatia mwili), alete. Mi nilichagua mama mukwe juu tunaishi naye na yeye anakulaka bila haraka. Nikaazima mizani ya jirani mwenye anapikaka keki. Asubuhi chai ya sukari na kipande cha mkate. Saa sita hapana kitu, alisema hasikii njaa. Jioni bugali gramu 400, maharagi gramu 200, na sombe (majani ya muhogo) kidogo. Nikaingia kwa jedwali ya vyakula, nikaona unga wa mahindi gramu 100 iko na kilokalori karibu 360, nikapiga mara 4, ikatoka 1,440. Maharagi nikafanya vile vile, 335 kwa gramu 100, mara 2, ni 670. Nikajumlisha na ile ingine, siku nzima ikafika 2,420. Nikaandika chini kwa bik nyekundu: anakula vizuri.

Asista aliangalia karatasi yangu, hakunikemea, aliniuliza tu: "Mama, maji uliyaweka wapi?"

Sikuelewa. Nilifikiri anaongelea maji ya kunywa. Nilirudi nyumbani nikakaa na ile swali siku tatu nzima, mpaka jumamosi niliposhika sufuria mwenyewe. Nikapima unga wa mahindi gramu 500, maji litre moja, nikasonga, nikapima bugali yote yenye ilitoka: gramu 1,350. Hapo njo macho yangu yalifunguka. Zile gramu 500 za unga zilikuwa na kilokalori 1,800, na baada ya kupika bado ni zile zile 1,800, maji hayakuongeza hata moja, lakini sasa zimetawanyika ndani ya gramu 1,350. Ukigawanya, gramu 100 ya bugali iko na kama 133 tu. Kwa hiyo sahani ya mama mukwe haikuwa 1,440, ilikuwa kama 530. Mimi nilipima bugali nikahesabu unga.

Maharagi ni vile vile, yakiwa makavu gramu 100 iko na kilokalori 335 hivi, yakiiva yamekunywa maji unabaki na 125 hivi. Na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ni kinyume, pale maji yanatoka: sambaza mbichi ya kutoka ziwani iko na protini kama gramu 18 kwa gramu 100, ukiianika ikakauka vizuri inafika kama 60. Sasa mama akikuambia "jana nilipika sambaza" na wewe huulizi kama ni mbichi ao kavu, hesabu yako yote imeshaharibika mbele ya kuanza.

Ninajua wengine watasema hii ni hesabu ya darasani tu. Hapana. Chukueni uji wa mtoto. Kwetu mama akiwa na unga kidogo anaongeza maji ili kikombe kijae, na mtoto anakunywa, tumbo linajaa, analala, kila mtu anafikiri amekula. Pima: kikombe cha mililita 200 chenye unga gramu 10 tu, hiyo ni kilokalori 36. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba kama mililita 240 kwa mara moja, si zaidi sana. Na mtoto wa miezi 6 mpaka 8 mwenye bado ananyonya anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwa chakula, mbali na maziwa ya mama, akifika miezi 9 mpaka 11 ni 300, kuanzia mwaka mmoja ni 550. Sasa hesabu wewe mwenyewe ni vikombe ngapi vya ule uji wa maji atakunywa. Lakini ukiweka kijiko kidogo kimoja cha mafuta, gramu 5, mafuta iko na kilokalori 9 kwa kila gramu, ni 45. Kijiko kimoja cha mafuta kinapita kikombe kizima cha ule uji! Siku nilifanya hii hesabu nilisimama nikaenda kukaa inje, juu nilikumbuka watoto wangu wa kwanza na uji wenye nilikuwa nawapatia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mbele hata ya kununua daftari: tafuta mizani. Kama hauna feza, mjiunge watatu wane mnunue moja. Na pima ya kwenu, si ya silabi (kitabu cha masomo cha prof). Silabi itakupa mifano ya ngano na jibini, na ni sawa kuijua kwa ajili ya egzame, lakini kichwa yako itashika bugali.

Kemia. Ndiyo iko, na siwezi kuwadanganya, watu wengi njo wanaangukia pale. Mimi nilikuwa sijagusa kemia miaka 11. Intero (mtihani mdogo) ya kwanza nilipata 6 juu ya 20. Kitu yenye ilinisaidia si kukariri usiku, ni kurudi nyuma kabisa, wiki mbili nikasoma tu vitabu vya sekondari vya mtoto wa dada yangu: atomu, asidi, besi, vile kaboni inajiunga na wenzake. Bila hiyo, ukifika kwa asidi amino unaona kama michoro ya ukuta. Nikiisha hapo nikaanza kufunga kila kitu na sahani. Asidi amino ni 20 zenye tunatumia kujenga protini, 9 mwili wa mtu mkubwa hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwa chakula. Mahindi iko na upungufu wa lisini, moja ya zile 9. Maharagi iko na lisini ya kutosha lakini metionini, ingine ya zile 9, ni kidogo, na mahindi inamsaidia pale. Bugali ya mahindi na maharagi, chakula yenye tulikuwa tunachoka nayo tukiwa watoto, njo hiyo somo nzima, bibi zetu walikuwa wanaipika bila kujua jina la lisini. Bugali ya muhogo peke yake ni shida ingine, ule unga protini yake ni gramu moja na kitu kwa gramu 100, wakati mahindi inafika kama 8. Njo maana ukimkuta mtu anakula bugali ya muhogo na sombe ya maji, uliza haraka ni nini ingine inaingia kwa ile sahani.

Mafuta pia. Watu wanasumbuka kukariri asidi ya mafuta yenye imeshiba na yenye haijashiba. Angalia chupa ya mawese asubuhi hapa Bukavu, na baridi yetu hii: imeganda. Weka pembeni chupa ya mafuta ya alizeti, inatiririka. Ile ya mawese karibu nusu ni asidi zenye zimeshiba, zinapangana vizuri kama matofali, zinaganda, zile zingine ziko na kona, hazipangani. Sitasahau tena maisha yangu yote. Na ukiwa hapo hapo kwa mawese, ile rangi nyekundu ni karotenoidi, mwili unaigeuza vitamini A. Bamama wengi wanachoma mawese mpaka inakuwa nyeupe juu harufu inawasumbua, na ile nyekundu inaishia kwa moshi. Mi nilikuwa nafanya vile. Nimeacha.

Lugha ni kitu ingine yenye hawatakuambia. Masomo ni kwa kifaransa, wagonjwa ni kwa kiswahili na mashi (lugha ya Washi wa hapa). Ukisoma kwa kifaransa tu utapata pointi zako, lakini siku utasimama mbele ya mama utakosa neno. Mi nilifanya daftari ya mistari mitatu: neno la prof, neno la kiswahili, neno la bibi yangu. Na kuna mara neno la bibi lilikuwa na akili kushinda yote. Prof alitufundisha kwashiorkor, utapiamlo wenye unavimbisha mtoto, kwamba ni daktari Cicely Williams njo aliandika hilo jina miaka ya 1930, akilitoa kwa Waga wa Ghana, maana yake ni ugonjwa wenye unamshika mtoto wakati mdogo wake anazaliwa. Nikafika nyumbani nikamwambia bibi, akajibu "si ni bwaki hiyo!" Neno lake, mtu mwenye hakusoma. Na bwaki ya hapa kwetu imesomwa sana, kule Lwiro, Kabare, kituo cha utafiti kiko tangu wakati wa ukoloni. Lakini mujue pia, ile hadithi ya kusema kwashiorkor ni ukosefu wa protini tu, basi, imeisha, wataalamu mpaka leo wanabishana sababu yake kamili, na ukiandika kwa egzame "sababu: protini" bila maelezo, prof mzuri atakukata pointi, na atakuwa na haki.

Mfano mwingine wa karibu ni Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Miaka ya 1960 madaktari kama François Delange walisoma goita (uvimbe wa shingo) kwa kile kisiwa, wakaona kwamba iyodi ni kidogo lakini si hiyo peke yake, muhogo wenye haukulowekwa vizuri unaacha kitu kinaitwa tiosianati kwa damu, na hiyo inazuia iyodi kuingia kwa tezi ya shingo. Kisiwa chenye tunakiona siku hewa ikiwa nzuri! Mi nilisoma hiyo kurasa mara nne kwa furaha. Tafuteni mifano ya hivi, inashika kuliko ile ya mabaharia wa Ulaya wenye ndimu iliwaponyesha ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Staji (kujifunza kazi kwa wagonjwa) sasa, hapa nitakaa kidogo. Utafundishwa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka 59 na ile mkanda ya rangi: chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali, 115 mpaka chini ya 125 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Utafundishwa kubonyeza miguu yote miwili na kidole gumba, sekunde tatu, kuona kama shimo linabaki, ni kusema mtoto amevimba. Hiyo utaijua kwa siku mbili. Yenye inachukua muda ni mdomo wako. Wiki yangu ya kwanza nilikaa mbele ya mama mmoja, mtoto wake alikuwa kwa njano, na mimi nikaanza: mpatie yai, mpatie maziwa, mpatie matunda kila siku. Yule mama aliangalia chini mpaka nikamaliza, akasema "sawa dokta", akaondoka. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akanivuta pembeni akaniambia polepole: "Dada, umemuuliza jana alikula nini?"

Sikumuuliza. Na nilikuwa nimesoma darasani vile tunaulizaka chakula cha saa 24, nilikuwa naijua kwa egzame. Wiki yenye ilifuata yule mama alirudi, Mungu ni mwema, nikaanza upya. Uliamka saa ngapi, mtoto alikunywa nini kwanza, mnakula sahani moja ao kila mtu yake, ni nani anakula naye? Nikajua mtoto anakula sahani moja na wakubwa wake wanne, na yeye mkono wake ni mdogo. Chakula ilikuwepo kidogo, lakini yeye haikumfikia. Hakuna yai hapo, tulianza na sahani yake peke yake, kijiko cha mafuta, sambaza kavu ya kusaga ya feza kidogo, lengalenga (mchicha) yenye yule mama mwenyewe anauza sokoni Kadutu. Baada ya wiki kadhaa ule mkono ulitoka kwa njano.

Vitu vingine haraka haraka. Usinywe chai pamoja na maharagi ukitaka chuma iingie, acha saa moja na zaidi, na weka nyanya ao ndimu kwa chakula, vitamini C inasaidia. Usiamini video za watu wenye wanasema ndimu inabadilisha asidi ya damu, pH ya damu (kipimo cha asidi) inakaa kati ya 7.35 na 7.45 na mwili unailinda mwenyewe. Kama umeme unawasumbua kwenu, soma saa kumi ya alfajiri, watoto wamelala na kichwa ni baridi. Na msiogope umri, kwa promosyo yetu (wanafunzi wa mwaka wetu) sisi wenye tumepika miaka mingi tulikuwa na faida juu ya wale vijana, tunajua chungu.

Nirudi kwa mama mukwe. Nilipofanya hesabu upya, chai 80, mkate 130, bugali 530, maharagi 250, sombe 100, ilitoka 1,090 kwa siku nzima. Nilirudia mara tatu nikifikiri nimekosea tena. Sikuwa nimekosea. Jioni nikakaa naye nje, nikamuuliza vile baadaye muuguzi angenifundisha kuuliza, bila kumhukumu, na akanyamaza sana, mwisho akasema hasikiagi njaa saa sita juu anaona chakula haitoshi watoto wakirudi shuleni. Miaka miwili alikuwa anafanya vile, na sisi tulikuwa tunasema anapungua kwa sababu ya uzee. Siku hizi sahani yake inatoka kwanza, ninaipima mwenyewe, na saa sita bwana yangu akiwa nyumbani anakaa naye mpaka amalize.