Betri inakufa kila asubuhi? Usikimbilie kununua mpya

Gari likilala zima na asubuhi ukipiga selfu linalia "tik tik" tu, kuna mambo matatu ya kushuku: betri yenyewe imechoka, altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) haichaji, au kuna kitu kinanyonya umeme usiku kucha. Mafundi wengi wa mtaani wanaanzia kwenye betri. "Bosi, hii imeshajichokea, weka mpya." Unaweka mpya, na baada ya muda si mrefu uko tena barabarani unatafuta mtu wa kukubusti. Gari la otomatiki hata kulisukuma hakusaidii.

Mimi huanza na hesabu kabla ya kushika spana. Betri ya saizi ya NS60 kwa kawaida ni Ah 45 (Ah ni ampea ukizidisha kwa saa). Taa ya buti ya wati 5 inakula kama ampea 0.4, kwa hiyo ikiwaka saa 12 imekula Ah 5 tu. Betri nzima haifi kwa hiyo. Ukiambiwa taa ya buti imeua betri kwa usiku mmoja, ujue betri ilikuwa hoi tayari, au kuna mlaji mkubwa zaidi amejificha.

Mlaji wa namna hiyo niliwahi kumkuta kwenye gari la jirani yangu hapa Tabata. Alikuwa ameshabadilisha betri, na bado gari lilikuwa haliwaki asubuhi. Kwa kuwa huliingiza uani kinyumenyume, mgongo unaelekea ukuta, hakuna aliyekuwa anaona taa za breki zinawaka usiku mzima. Nilipita usiku nikaona ukuta umekuwa mwekundu. Tulipofunua kapeti ya dereva tukakuta vipande vya plastiki vilivyosagika kama biskuti. Ni kile kidude kidogo kwenye pedeli ya breki kinachobonyeza swichi ya taa. Gari likizeeka kinakauka na kuvunjika, swichi inaachia, taa hazizimi. Balbu mbili za wati 21 zinakula ampea 3.5. Zidisha kwa saa 12, unapata Ah 42, yaani karibu betri yote. Tuliziba tundu la kidude hicho kwa bolti na nati, siku ya pili akatafuta kidude chenyewe. Kwa hiyo kabla ya mita yoyote, zima gari, funga milango, subiri giza, ulizunguke.

Kama hujaona kitu, tafuta mita ya umeme. Zile za bei ndogo za Kariakoo zinatosha. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi; 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 iko karibu na kuisha. Washa injini: ikipanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki chini ya 13, usihangaike na habari za usiku, shughulikia altaneta, mkanda wake au vichwa vya betri. Sisi wa Pwani vichwa hivyo huota unga mweupe na wa kijani mara kwa mara; visafishe kabla ya kulaumu kingine.

Kisha mjaribu mshukiwa wa kwanza, betri yenyewe. Chaji betri ijae, jioni fungua waya wa hasi kwa spana namba 10, uache hivyo mpaka asubuhi. Betri ikishuka sana ikiwa peke yake, inakufa yenyewe, kanunue. Ikibaki salama, tatizo liko ndani ya gari. Ila angalizo: baadhi ya redio za Toyota kutoka Japani ukikata umeme zinajifunga na kudai namba ya siri au kadi ya SD yake. Ukiwa na redio hiyo usikate. Fungua kisanduku cha fyuzi, weka mita kwenye milivolti, gusa vile vinundu viwili vya chuma juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayosoma milivolti hata moja au mbili, ifuatilie.

Wasio na tatizo la redio wapitishe mita ya ampea kati ya nguzo ya hasi na waya wake, kwenye tundu la 10A. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaiunguza. Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Mara nyingi itashuka kwenye fyuzi ya kitu kilichoongezwa baadaye: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na hasa redio ya Android. Waliofunga huunganisha waya wa njano na mwekundu pamoja ili redio ipige bila ufunguo, na kuanzia hapo haizimiki kabisa. Mwambie fundi autenganishe mwekundu, aupeleke kwenye umeme unaokatika ukitoa ufunguo.

Na ukishachomoa fyuzi zote namba ikagoma kushuka, gusa altaneta gari likiwa limelala tangu usiku. Ikiwa ya vuguvugu, dayodi zake (vipande vinavyozuia umeme usirudi nyuma) zinavujisha umeme. Hiyo ni ya kwenda kwa fundi wa altaneta.