Mwanangu, Gutmann usimtupe

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Unasema msimamizi wako wa tasnifu anataka umwondoe Bruno Gutmann, eti alichokiita dini ya Wachagga ni siasa ya Kijerumani tu. Unaniuliza kama ni kweli.

Nusu ni kweli. Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyetumwa na Misheni ya Leipzig, aliishi Old Moshi kwa vipindi hadi 1938. Kwao Ujerumani wasomi wengi walikuwa wamechoshwa na miji, viwanda na fedha, wakatamani taifa la damu na ardhi. Akaja na kiu hiyo huku Kilimanjaro, akakuta ukoo, ujirani na rika, akasema kanisa lijengwe juu ya hayo matatu. Fedha aliiona kama sumu ya undugu. Wakati huohuo Wachagga walishaunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ikaanza 1933!

Bibi yako unamkumbuka. Akikosana na jirani juu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, anapeleka jani la sale kuomba msamaha. Kesho yake yuko chama cha msingi anapimiwa kahawa, na macho hayatoki kwenye mzani. Jumapili kwaya. Kwa macho ya Gutmann, huyo ni mtu aliyeanza kuharibika. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kuandikiwa tasnifu.

Ila yale mafundisho ya jando aliyoyachapisha kwa juzuu tatu, 1932 hadi 1938, ni wazee wetu waliomsimulia, na wote wameshakufa. Utayapata wapi tena? Chukua waliyosema wazee. Pale Gutmann anapoanza kueleza maana yake, hapo ndipo umbane.

Na asikudanganye mtu kwamba kusoma dini kwa miwani ya siasa ni kwa wazungu peke yao. Mwaka 1905 Wajerumani walisema Maji Maji ni njama za waganga. Baada ya uhuru, wanahistoria wa Dar es Salaam wakasema maji ya Kinjikitile, yule mganga wa Ngarambe, ndiyo yaliyounganisha makabila. Nchi changa ilihitaji umoja, na historia ikaupata. Lakini tafuta watu wa Ngarambe walimwomba nani mvua kabla ya vita, uone kurasa zinavyopungua.

Hata takwimu zina siasa. Sensa yetu ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967. Msomi akikutajia asilimia ya Wakristo na Waislamu, muulize amewahesabu lini.

Basi msimamizi mjibu kwa adabu: Gutmann anabaki, na utaeleza alikuja akitafuta nini. Naye muulize, kwa adabu hiyohiyo, yeye anatafuta nini. Ukipanda huku likizo, shangazi yako atakupeleka Kidia, hukohuko Old Moshi, kwa wazee wawili wenye kahawa. Nenda asubuhi, mchana wanalala.

Mama yako
Moshi