Praima za magnum badala ya za kawaida: zinaingia, lakini kipimo hakibaki kilekile

Mkuu, nimekuelewa hivi: praima kubwa za kawaida za bunduki (vile vidude vidogo kitakoni mwa ganda la risasi vinavyowasha baruti) zimekuishia, mkononi una za magnum, zenye moto mkali zaidi, na risasi zako za .308 ushazoea kuzijaza kwa kiasi kimoja cha baruti. Unataka kujua kama uweke hizo za magnum na kuendelea vilevile. Kuziweka, weka. Kuendelea vilevile, hapana.

Watu wengi huiona praima kama kiberiti tu, kwamba ikishawasha baruti kazi yake imeisha. Mwako wake wenyewe huongeza presha ndani ya ganda. Za magnum hutoa moto mkali zaidi au wa muda mrefu kidogo, kwa sababu zilikusudiwa baruti nyingi, baruti ngumu kushika moto (hasa zile za chembe za duara) na baridi kali. Kipimo chako kama tayari kimekaribia kikomo, na kikomo cha presha ya .308 ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, nyongeza hiyo huna pa kuiweka. Shuka hadi asilimia 10 chini ya kiwango cha juu, au anzia pale kitabu cha vipimo kinapoanzia, kisha panda kidogo kidogo. Na usome ule mstari mdogo juu ya jedwali unaotaja praima waliyojaribia. Huo ni sehemu ya kipimo, sawa na aina ya baruti.

Hata ukihama kampuni bila kuhama daraja la praima (kawaida au magnum), fanya hivyohivyo. Usije ukadhani "kawaida" ya huyu ni sawa na "kawaida" ya yule. Winchester, kwa mfano, praima yao kubwa ya bastola wameiandikia kwamba ni ya risasi za kawaida na za magnum pia.

Sasa kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Ukibadilisha praima, umebadilisha na kifaa chako cha kupimia. Wengi tunaangalia sura ya praima iliyokwisha kupigwa: kingo zikiwa bado za mviringo, tunasema presha ni nzuri, ikiwa bapa, tunaogopa. Mimi nilipohama kampuni, baruti ileile na maganda yaleyale, mpya zilitoka bapa kama sarafu ilhali kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi) inaonyesha kasi ya siku zote. Kikombe chake, yaani ganda la metali la praima yenyewe, kilikuwa laini zaidi, basi. Kinyume chake ndicho kibaya: kikombe kigumu kitakuonyesha sura nzuri huku presha ikipanda. Kwa hiyo tazama vingine pia. Bolti (kipande kinachofunga chemba) ikiwa nzito kunyanyua, alama inayong'aa kitakoni mwa ganda, shimo la praima lililolegea, au kasi iliyopita ya kitabuni: lolote kati ya hayo likitokea, acha kupiga.

Kuna kubadilishana ambako sikushauri kabisa. Praima ndogo ya bastola na ndogo ya bunduki zina kipenyo kimoja, inchi 0.175, na ndiyo maana mtu hushawishika. Lakini kikombe cha bastola ni chembamba. Ukikitia kwenye .223, yenye kikomo cha pauni 55,000, kinaweza kutoboka na gesi ya moto ikarudi nyuma kwa mpigaji. Zile kubwa nazo zina kipenyo sawa, inchi 0.210, ila ya bunduki ni ndefu kidogo. Kwenye ganda la bastola itabaki imechomoza kitakoni, na praima iliyochomoza inaweza kulipuka silaha inapofungwa.

Bunduki yako kama ni ya nusu-otomatiki, hapo ongeza umakini. AR-15 na M1 Garand zina pini ya kufyatulia isiyo na springi ya kuizuia. Bolti ikifunga kwa nguvu, pini huigusa praima. Ingiza risasi chemba kwa kuiachia bolti (uwanjani, mtutu ukielekea kwenye shabaha), kisha itoe bila kufyatua. Utakuta kidoa kidogo kimebonyea katikati ya praima. Kwa silaha hizo mimi sitii praima laini. Kampuni ya CCI hutengeneza praima Na. 34 kwa risasi za 7.62 na Na. 41 kwa za 5.56, ambazo si nyepesi kulipuka.

Ukishabana praima mpya, pitisha ncha ya kidole kitakoni mwa kila ganda. Unapaswa kuhisi imezama kidogo, elfu tatu hadi tano za inchi. Ukihisi kinundu, usiijaze hiyo. Praima ambazo hujatumia ziache ndani ya paketi zake za awali, kamwe usizimwage kwenye chupa, na risasi za majaribio ziandikie aina ya praima kwenye boksi kabla hujainuka mezani.